Usiku Wangu Unakuwa Giza Totoro

SWALI: Nachora Tandika usiku: wauza samaki, taa, bodaboda. Kila picha inatoka nyeusi tii. Nimeshatupa mbao sita. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, usitupe tena hata moja. Nashuku kopo la rangi nyeusi. Usiku wa Tandika una buluu na kahawia, na vumbi na moshi huurudisha mwanga wa taa juu ya mabati. Changanya buluu nzito na kahawia. Nyeusi iachie tundu la mlango tu.

Kisha nyeupe. Ukiipaka kwenye balbu, shati, sahani na macho ya watu, taa haitawaka. Ipe balbu moja ya muuza samaki, uizungushie njano, halafu chungwa, halafu udongo mwekundu, kila duara likififia.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli juu ya mbao za dari. Kama nawe unazitumia, ni rangi nzuri, lakini zinametameta hata zikikauka, na usiku mmeto huo hudanganya jicho. Kagua kazi yako mchana.

Nami niliwahi kuchora Mwananyamala chini ya balbu ya njano. Rangi ya njano ilionekana hafifu, nikazidisha. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa kama kiini cha yai! Niliumia sana. Ubao huo ninao hadi leo. Nyuma yake nimeandika rangi nilizochanganya na taa niliyotumia, na kila nikianza picha ya usiku huutoa kwanza.