Matembezi Yasiyo na Mzigo Kichwani

Wadogo zangu, swali la leo limekuja na hasira kidogo, na nimelipenda kwa sababu hiyohiyo. Mama mmoja wa upande wa Juru, hapa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, anasema kikundi chao cha akiba kimezua jambo: wanawake pekee waende kisiwani siku tatu, watembee kwa miguu kando ya ziwa, wale samaki, walale, warudi. Wenzake wameshaanza kubishania rangi ya kitenge cha sare. Yeye haelewi. Alitoka Rutshuru, Kongo, kwa miguu mpaka mpakani Bunagana, mtoto mgongoni, akavuka, akalala kituo cha mapokezi cha Nyakabande, akapandishwa basi la kumleta Nakivale. Anauliza kwa nini mtu aliyekwisha kutembea namna hiyo achange pesa ili akatembee tena.

Mama, una haki ya kuuliza, na sitakujibu kwa maneno ya semina. Hebu hesabu safari zako za jana tu. Bombani na dumu. Shambani na jembe. Kliniki, foleni, kurudi. Pengine sokoni Base Camp na beseni la nyanya kichwani. Kila hatua uliyopiga ilikuwa na mwenyewe: mtoto, mume, mkopo. Ni lini mara ya mwisho ulipotembea mikono mitupu, shingo imenyooka, bila mtu wa kukuuliza umechelewa wapi? Wengi wenu mkisema kweli mtataja utotoni. Hicho ndicho wenzako wanachokitaka, hata kama kwenye daftari la kikao wameandika "ziara ya mafunzo" isije ikaonekana anasa.

Nenda. Ila tupange kwa akili, maana safari ya wanawake ikiharibika mara moja, mtaani itasimuliwa miaka kumi.

Kwanza, kisiwa gani? Nasikia wapo wanaoitaja Zanzibar. Zanzibar ni nzuri, sina ugomvi nayo, lakini kwa mkimbizi kuvuka mpaka kunadai hati ya kusafiria ya wakimbizi, na kuipata ni safari nyingine ya ofisi hadi ofisi. Msianzie huko. Kisiwa chenu kipo hapahapa Uganda: Bugala, kikubwa kuliko vyote katika visiwa 84 vya Ssese, wilaya ya Kalangala, ndani ya Ziwa Viktoria. Mnatoka na vumbi lenu hadi Kabingo, mnapita Mbarara, mnashika lami mpaka Masaka, kisha mnakata kwenda Bukakata. Pale kuna feri inayovusha watu na magari hadi Luuku, na haitozi nauli. Safari ya majini haifiki saa moja. Nyie wa Mbarara mjini hamna hata kisingizio cha umbali. Ondokeni alfajiri, maana feri haimsubiri mtu aliyekuwa anasuka nywele.

Na makaratasi? Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakupa uhuru wa kwenda popote ndani ya Uganda, lakini mwenye busara haondoki bila kuaga. Pelekeni majina yenu Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) mapema, muombe kibali cha kundi zima, kila mtu abebe kitambulisho chake. Askari wa barabarani akisimamisha gari lenye wanawake kumi na wanne wanaozungumza lugha sita, karatasi moja yenye muhuri inafupisha maongezi. Halafu angalieni kalenda: msiondoke wiki ya mgao wa posho wala ya uhakiki wa majina. Tangu posho zilipoanza kukatwa kwa makundi mwaka 2023, kukosa siku ya kuhakikiwa si jambo la kucheka, na hakuna ufuko unaolipa hasara hiyo.

Nimesema kumi na wanne kwa makusudi. Takisi yetu ya Uganda inabeba abiria 14. Mkiwa wengi kuliko hapo mnahitaji gari la pili, na gari la pili ndilo linaloanzisha ugomvi: nani kakaa na nani, nani kaachwa nyuma. Kodini moja, na dereva mliyemzoea, avuke nanyi hadi ng'ambo.

Sasa pesa, na hapa nitakuwa mkali. Sanduku lenu la kufuli tatu mnalijua kuliko mimi. Hisa ni hisa, mkopo ni mkopo, na mfuko wa jamii ni wa msiba na ugonjwa. Safari isiguse hata kimoja. Anzisheni bahasha yake, na daftari lake, ashike mtu ambaye si mmoja wa wenye funguo. Chukulia kila mmoja aweke shilingi 3,000 kwa wiki. Mwaka mzima ni 156,000 kwa kichwa, na kwa watu 14 ni shilingi 2,184,000. Nusu yake au zaidi italiwa na gari. Inayobaki ni ya malazi na chakula. Anayeshindwa 3,000 aseme mapema, kikundi kiamue, si kumnong'oneza nyuma ya mlango. Mwezi mzuri wa kuondoka ni ule unaofuata kugawana, kila mtu akiwa amekwisha kulipa ada za watoto. Kukopa ili ukapumzike ni kujinunulia usingizi kwa riba; mimi nakataza.

Mtauliza, hatuwezi kuomba shirika lolote litusaidie? Mnaweza. Mtavishwa fulana na kofia, mtapigwa picha mkishika bango, na mkirudi mtajaza fomu ya kueleza mlichojifunza. Nadhani mmeshajaza fomu za kutosha. Lipieni wenyewe, hata ikichukua miaka miwili.

Mume. Barua nyingi zinazokuja hapa zingekuwa fupi kama wanawake wangeacha kusema uongo mdogo wa safari. Usimwambie unakwenda mafunzo Mbarara. Picha zitafika kwenye simu yake kabla hujashuka feri, maana kuna mwenzenu mmoja hawezi kukaa na picha. Mwambie miezi kabla, mwonyeshe daftari, mtajie majina ya wote mnaokwenda na namba ya dereva. Na kazi za nyumbani usizibebe zote kwa binti yako mkubwa. Naye ana shule. Mpangiane kikundini: wanaobaki mwaka huu wanalea watoto wa wanaokwenda, na mwakani mnabadilishana. Lakini kama unajua kabisa kwamba hata kulitaja jambo hili kutakuletea kipigo, hapo tumeshatoka kwenye mambo ya safari. Nenda kwa mtu unayemwamini, au ofisi ya ulinzi, uyaseme hayo kwanza. Kisiwa hakihami.

Miguuni, tafadhali, si ndala. Raba za mitumba za soko la Mbarara zinatosha, mradi umezivaa wiki kadhaa kabla ya safari na soksi zake. Raba mpya siku ya kwanza ni malengelenge siku ya pili. Paka vazelini kisigino na katikati ya vidole kabla hujaanza, si baada ya kuumia. Pedi beba hata kama hesabu yako inasema bado. Barabara ndefu huchezea hesabu. Nanyi mlio na mama wa Kisomali kikundini, pangeni vituo vya sala tangu mwanzo na mjue nani atachinja kuku. Samaki, bahati nzuri, hana mabishano.

Mazoezi fanyieni nyumbani. Jumamosi asubuhi, saa moja na nusu ya kutembea, mikono mitupu, mjionee mnavyoaibika: mtu wa kwanza atawauliza kuna msiba wapi. Mkipita kando ya Ziwa Nakivale, subirini jua lipande. Viboko hutoka majini jioni kula majani, hurudi alfajiri, na anayeumizwa mara nyingi ni yule aliyesimama kati ya mnyama na maji yake. Kaeni mbali na mafunjo.

Mkifika Bugala, anayetembea polepole kuliko wote ndiye awekwe mbele. Wengi hufanya kinyume: wenye mbio mbele, mwenye goti bovu nyuma peke yake, akifika kituoni wenzake wamekwisha kupumzika na wanasimama. Huyo hatakuja tena mwakani. Mbele ya wote mama wa goti, nyuma ya wote mtu mwenye simu iliyojaa chaji na mkoba wa dawa. Siku ya kwanza tembeeni ufuko wa Lutoboka, chini ya mlima wa mji wa Kalangala, taratibu. Siku ya pili pandeni juu, mtafute mwenyeji wa kuwaongoza njia za ndani.

Na huko ndani, akina mama wa Kongo, mtakutana na michikichi hadi mchoke. Tangu miaka ya 2000 sehemu kubwa ya msitu wa Bugala imefyekwa ikapandwa mashamba ya mawese. Najua mtakavyofanya: mtasimama, mtaokota tunda, mtalinusa, mtaanza kusema ya kwenu yalivyokuwa mekundu zaidi. Semeni. Ila msichume, mashamba yana wenyewe. Muulizeni huyo mwongozaji pia habari za malale. Kati ya 1900 na 1920 ugonjwa huo, unaoletwa na mbung'o, uliua zaidi ya watu 200,000 Uganda, wengi wao kando ya ziwa hili na visiwani. Serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wa Ssese kwa nguvu, wakaishi miaka bara wakisubiri ruhusa ya kurudi kwao. Wazee wa kisiwa hicho hawahitaji kuelezwa mkimbizi ni nani.

Maji nayo yana yake. Ziwa Viktoria lina kichocho, na huhitaji kuogelea ili ukipate. Kusimama majini hadi magotini, kwenye majani yenye konokono, kunatosha. Mchanga tembeeni, maji yatazameni. Aliyeingia hata hivyo ajifute haraka, na baada ya wiki kadhaa aende kliniki aseme wazi kwamba aligusa maji ya Kalangala. Dawa ipo na si ya kutisha. Mitumbwi ya kuzungushwa kwa raha kataeni. Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama ziwa hilohilo upande wa Mukono, ikiwa imejaa kupita kiasi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Feri inatosha.

Kuna jambo nimeliacha hadi hapa kwa sababu ni zito. Wako kati yenu waliovuka maji usiku, wengine Ziwa Albert, wengine Tanganyika, na hawakuvuka na wote walioanza nao. Mama wa namna hiyo anaweza kucheka njia nzima kutoka Mbarara, akafika Bukakata akaganda. Msimvute mkono. Msimwambie "hii ni feri kubwa, usiogope." Mmoja akae naye garini au katikati ya feri, mgongo kwa maji, mpaka ng'ambo, na akisema hawezi, mmoja abaki naye Masaka, gharama ya wawili hao ibebwe na bahasha. Kubalianeni hilo nyumbani, kabla hajalazimika kuliomba mbele ya watu. Njiani pia, wanawake wakitembea sambamba bila kutazamana usoni, mambo hutoka ambayo kwenye kikao hayatoki. Yakitoka, sikilizeni. Yasipotoka, msiyachimbe. Na yaliyosemwa Bugala yasiuzwe Base Camp.

Kwa hiyo, mama wa Juru, usijitoe kikundini. Ukitaka, kataa kutembea: panda gari na wenzako, vuka nao, kaa kivulini Lutoboka siku tatu usifanye lolote, nawe umechanga kama wao. Ila kikao kijacho, kabla funguo hazijatoka, uwe wewe wa kunyoosha mkono na kuomba suala la safari liandikwe kwenye daftari kwa jina lake halisi: mapumziko.