Chura Mwenye Ngao

Mkimkamata chura pwani ya Ziwa hapa Mwanza, mtaona ngozi yake ni laini, tena ina majimaji. Akikaa juani mchana kutwa hukauka akafa. Lakini alikuwako jamaa yake wa mbali, wa zamani sana, aliyevaa vingine.

Mifupa yake ilionekana kusini mwa nchi yetu, katika bonde la mto Ruhuhu uingiao Ziwa Nyasa. Mwaka 1959 mtaalamu Mwingereza, Alec Panchen, aliandika habari zake akamwita Peltobatrachus, yaani, kwa Kiyunani, chura wa ngao. Jina hilo lamfaa. Mwili wake na mkia vilifunikwa kwa vipande vya mfupa: mabegani na nyongani vipana, kwingineko vyembamba, vimepangwa safu safu. Msidhani vilikuwa kama magamba ya kakakuona. Yale ni ya namna ya kucha, wala si mfupa. Urefu wake ulipata sentimeta 70, kama mkono wa mtu mzima.

Mwenye mzigo kama huo hana mbio. Alitembea polepole katika nchi kavu, na yadhaniwa chakula chake kilikuwa wadudu, minyoo na konokono. Mbona basi achukue uzito wote ule? Bondeni mle waliishi wanyama wakali wenye meno marefu kama visu. Chura wetu akiona adui huruka majini. Yeye hakuweza kuruka.

Hayo yalikuwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, wakati Ziwa letu hili halijakuwako.