SOMO LA KUMI NA MBILI: BAGAMOYO, MJI WA KUBWAGA MOYO

Katika masomo yaliyopita ulisoma habari za kilimo, afya na hesabu za duka. Leo utasoma habari za mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Mji huo ni Bagamoyo. Uko yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, ukikabiliana na kisiwa cha Unguja.

Kila mwaka watu wengi husafiri kwenda Bagamoyo kwa ajili ya dini. Wakristo Wakatoliki huenda kuhiji kwenye misheni ya zamani. Waislamu huenda kuzuru kaburi la sheikh maarufu. Kwa nini watu wa dini mbili huuheshimu mji huo huo mmoja? Soma polepole, utapata jibu.

1. Jina la mji

Wazee husema kwamba jina Bagamoyo limetokana na maneno "bwaga moyo". Kubwaga ni kutua mzigo chini. Lakini ni nani aliyebwaga moyo wake hapo? Ziko hadithi mbili.

Hadithi ya kwanza ni ya watumwa. Walitembezwa kwa miguu kutoka bara, wengine wakiwa wamefungwa minyororo. Walipoiona bahari walijua kwamba hawatarudi kwao tena. Basi wakaiacha mioyo yao pale, wakakata tamaa.

Hadithi ya pili ni ya wapagazi. Hao walikuwa watu wa kubeba mizigo kwa ujira, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Walitoka Tabora, na wengine Ujiji, safari ndefu sana. Mpagazi mmoja aliweza kubeba mzigo wa yapata kilo 30, hasa pembe za ndovu. Walipofika pwani walitua mizigo, wakapokea ujira, wakapumzika. Mioyo yao ilitulia.

Ipi ni ya kweli? Tunajua kwamba bandari kubwa ya kuuzia watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa. Biashara kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu. Kwa hiyo wataalamu wengi wa historia huona kwamba hadithi ya wapagazi ina nguvu zaidi. Lakini watumwa nao walipita Bagamoyo, na machozi yao hayakuwa hadithi. Jina moja laweza kubeba furaha ya mtu mmoja na uchungu wa mwingine.

2. Magofu ya Kaole

Kabla ya Bagamoyo kukua, palikuwa na mji wa Kaole. Uko kusini ya Bagamoyo, mwendo wa kilomita chache. Leo ni magofu. Utaona misikiti miwili iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Mmoja ni wa karne ya 13. Utaona pia makaburi yenye nguzo ndefu. Baadhi ya nguzo hizo zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Bakuli hizo zatuonyesha kwamba watu wa Kaole walifanya biashara na nchi za mbali, miaka mingi kabla ya Wazungu kufika.

Kaole pana masimulizi mengi. Kuna kaburi linaloitwa la Sharifa, ambapo watu huenda kuomba dua. Kuna kisima cha maji baridi, ingawa bahari iko karibu. Na kuna mbuyu mkubwa. Inasimuliwa kwamba ukiuzunguka mbuyu huo, unaongeza siku za maisha yako.

Je, tuamini? Masimulizi hayo ni mali ya watu wa Kaole, nasi tuyaheshimu. Lakini msomaji mzuri hutenganisha mambo mawili: lile linaloweza kuthibitishwa, na lile linalosimuliwa. Umri wa msikiti wa Kaole umechunguzwa na wataalamu. Habari ya mbuyu wa Kaole inasimuliwa.

3. Misheni na msalaba

Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja, wakaanzisha misheni Bagamoyo. Walisimamisha msalaba karibu na ufuko. Ndiyo sababu Wakatoliki huhesabu Bagamoyo kuwa mlango wa dini yao Tanzania Bara. Mwaka 2018 waumini wengi walikusanyika huko kuadhimisha miaka 150.

Mapadri waliwakomboa watumwa kwa fedha, hasa watoto. Waliwafundisha dini, kusoma, useremala na kilimo. Walijenga kijiji kilichoitwa Kijiji cha Uhuru. Tusisahau, hata hivyo, kwamba watu hao walitakiwa kufuata kanuni kali za misheni. Walitolewa utumwani, lakini hawakuwa wakijiamulia kila jambo.

Ukifika misheni utaona mnara wa kanisa la zamani. Mwezi wa Februari 1874 mwili wa msafiri Mskoti, David Livingstone, uliletwa hapo. Alikuwa amefariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waafrika aliokuwa akisafiri nao, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake kulekule. Kisha waliukausha mwili na kuubeba kwa miguu miezi mingi mpaka pwani. Vitabu vingi humsifu Livingstone. Ndugu msomaji, wakumbuke pia wale waliombeba.

Karibu na hapo pana mbuyu ulioingiwa na mnyororo. Inasimuliwa kwamba Mama Chevalier, aliyewauguza wagonjwa, alikuwa akimfunga punda wake hapo. Mti ulipokua, ukaumeza mnyororo.

4. Mtumwa aliyekuwa sheikh

Sasa tumwangalie mtu mwingine. Jina lake lilikuwa Yahya bin Abdallah, lakini watu walimwita Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, mashariki ya Kongo. Aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto, akiwa mtumwa wa tajiri mmoja wa Kiarabu.

Baadaye alipata uhuru. Alifanya biashara ya samaki. Kidogo kidogo akanunua mashamba ya minazi. Wakati huohuo alikuwa akisoma elimu ya dini. Hakusema, "Mimi nimekwisha kuwa mtu mzima, elimu haina faida kwangu." Alisoma mpaka akawa mwalimu, akafungua chuo, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria. Wanafunzi walitoka sehemu nyingi kuja kwake. Wana wa waungwana nao waliketi mbele ya mtu aliyekuwa mtumwa, wakamsikiliza.

Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931. Waislamu huenda Bagamoyo kuzuru kaburi lake, kusoma maulidi na kufanya zikri. Safari hiyo huitwa ziara. Si hija, maana kwa Mwislamu hija ni ya Makka.

5. Wajerumani

Mwaka 1888 Wajerumani walipotaka kuitawala pwani, watu walipigana nao. Kiongozi mmojawapo alikuwa Abushiri bin Salim. Wajerumani walimnyonga Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bagamoyo ilikuwa makao makuu yao ya kwanza, mpaka mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Boma lao la mwaka 1897 bado liko, na ufukweni pana kumbukumbu ya watu walionyongwa na Wajerumani hao.

6. Tunajifunza nini?

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Lakini utumwa wenyewe ulikomeshwa na sheria Tanganyika mwaka 1922. Hiyo si zamani sana. Baadhi ya wazee waliotulea waliwaona kwa macho watu waliokuwa watumwa.

Hata hivyo, katika vijiji vingine bado utamsikia mtu akigombana na jirani yake na kumwambia, "Wewe ni uzao wa watumwa." Ndugu msomaji, neno hilo si tusi kwa anayeambiwa. Ni aibu ya aliyeuza na aliyenunua. Watoto wa Kijiji cha Uhuru walikuwa watumwa. Sheikh Ramiya alikuwa mtumwa. Leo Mkristo na Mwislamu husafiri mbali kwenda mahali walipoishi watu hao, na huko huinamisha vichwa. Hiyo ndiyo heshima ya Bagamoyo.

Pia tujifunze kutunza. Jiwe la gofu likichukuliwa kujengea ukuta wa nyumba, ushahidi umepotea. Na mzee akifariki kabla habari zake hazijaandikwa, ushahidi umepotea vilevile. Zamani ungesema, "Sijui kuandika." Leo unajua.

MAANA YA MANENO

Gofu: jengo la zamani lililobomoka.
Matumbawe: mawe yatokayo baharini.
Mpagazi: mtu wa kubeba mizigo kwa ujira.
Tarika: njia ya ibada inayofuatwa na kundi la Waislamu chini ya sheikh.
Ziara: kwenda kuzuru mtu au kaburi.

MASWALI

1. Eleza hadithi mbili za jina la Bagamoyo.
2. Bakuli za Kichina za Kaole zinatuonyesha nini?
3. Taja jambo moja katika somo hili lililothibitishwa, na moja linalosimuliwa tu.
4. Sheikh Ramiya alifanya kazi gani baada ya kupata uhuru?
5. Tangu mwaka 1873 mpaka 1922 ni miaka mingapi?

MJADILI DARASANI

Je, katika kijiji chenu watu hutukanana kwa asili zao? Mfanye nini ili jambo hilo likome?

KAZI YA KUANDIKA

Mwendee mzee mmoja wa kijiji chako. Mwamkie, ukae naye. Muulize jina la kijiji lilitoka wapi. Andika majibu yake katika daftari, mistari kumi. Chini yake andika jina la mzee huyo na tarehe. Akikupa hadithi mbili zinazopingana, ziandike zote mbili.