Kabla Hujamhamishia Mama Mjini

Mdogo wangu, mama yako anakaribia miaka 60, na mwalimu wa serikali akifika hapo hana hiari tena, anakabidhi chaki. Najua umeshajipanga. Chumba cha uani kimepakwa rangi, na dada wa kazi ameambiwa bibi asiguse hata kijiko. "Mama amehangaika vya kutosha, sasa apumzike." Moyo huo Mungu akuzidishie. Ila tuongee kwanza kabla hujakata tiketi ya basi.

Mama huyo kaamka alfajiri miaka yote ya kazi. Kafundisha, karudi kupalilia mihogo, kasuluhisha ndoa za nusu ya kijiji. Sasa unataka akae kwenye kochi Mbagala tangu chai ya asubuhi mpaka taarifa ya habari, mbele ya majirani wasiojua hata jina lake. Mwezi wa kwanza atafurahia wajukuu. Baadaye utamsikia kwenye simu akiuliza kama mvua zimeanza kule, nani anamlimia, nani kafiwa. Ukisikia hivyo, usidhani hana shukrani.

Nimesoma sana habari za Wajapani kwa sababu ndio wenye wazee wengi: karibu watu 3 katika kila 10 wamefika miaka 65 au zaidi. Kwao mtu akitimiza 60 hufanyiwa sherehe iitwayo kanreki. Hesabu ya miaka 60 ya kalenda yao ya zamani inakuwa imezunguka ikarudi mwanzo, basi huvalishwa kizibao chekundu kama mtoto aliyezaliwa leo. Na huyo mtoto mpya wanampa kazi. Mwaka 1975, Edogawa, jijini Tokyo, kilianzishwa kituo cha kuwatafutia wazee shughuli ndogondogo, na leo vituo vya namna hiyo vimeenea nchi nzima. Mstaafu anajiandikisha, anapangiwa kupogoa miti ya bustani, kubandika karatasi mpya kwenye milango ya asili, au kusimamia maegesho ya baiskeli, saa chache kwa wiki. Malipo ni kidogo. Kikubwa ni kwamba asubuhi kuna mahali anasubiriwa.

Kusini kabisa, visiwani Okinawa, wana kitu kinaitwa moai, na hicho wewe unakifahamu vizuri. Watu wanakutana, mara nyingi kila mwezi, wanachanga, na fungu linachukuliwa kwa zamu. Upatu mtupu! Wapo wazee waliomo kwenye kikundi kimoja tangu ujana wao. Asipoonekana, wenzake wanakwenda kubisha hodi. Mama yako anacho kikundi cha hivyo, pale kijijini, Jumamosi chini ya mwembe wa kanisa. Ukimhamisha unamng'oa humo, na hakuna king'amuzi kitakachoziba pengo hilo.

Siwapambi Wajapani. Kwao wapo wazee wanaofia ndani peke yao na kugunduliwa baada ya siku nyingi, na wapo wanaofanya kazi kwa sababu pensheni haitoshi. Singapore wametunga sheria tangu 1995: mzazi wa miaka 60 au zaidi asiyeweza kujikimu anaweza kuwadai watoto matunzo kisheria. China nao, mwaka 2013, sheria ikawataka watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi wao mara kwa mara. Nilisikitika niliposoma hayo, kisha nikajiuliza ni wangapi kwetu tunaotuma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi na hatujakanyaga nyumbani tangu Krismasi ya juzi.

Basi muulize mama mwenyewe. Usimuulize mbele ya kaka zako, maana hapo atajibu lile mnalotaka kusikia. Nenda, lala naye siku mbili, mmenye naye maharage, umuulize anataka kuishi wapi na afanye nini. Pengine atasema mjini. Basi aje, lakini apewe shughuli yake: bustani ya mchicha, jiko la Jumapili, kwaya, mjukuu wa kumfundisha kusoma. Umwache aguse vijiko. Pengine atasema habanduki kijijini. Basi pesa ulizopanga kumtunzia mjini zipeleke zikatengeneze choo cha ndani na paa lisilovuja, na umtafutie kijana mwaminifu wa kumsaidia shamba.

Mafao yake nayo yaache. Atapokea sehemu kwa mkupuo na nyingine kila mwezi, na ule mkupuo una wajomba wengi: wa bodaboda, wa kuku, wa kiwanja cha bei ya chee. Usiwe mmoja wao. Msindikize benki akitaka, msomee fomu akiomba, kisha muache aamue, kwa sababu ameyatolea jasho yeye.

Ukishazungumza naye, niandikie alivyosema. Na kama baba yuko hai, muulize na yeye, kivyake.