Asubuhi ya Baridi, Trekta Haiwaki

Huko Zagayu, katika Mkoa wa Simiyu, wakulima hulima pamba na mahindi. Trekta hutumia dizeli. Mashine nyingi za kusaga vijijini hutumia dizeli pia. Injini ikikataa kuwaka, shamba halilimwi na unga hausagwi. Mvua ya kupandia haimngoji mtu.

Katika miezi ya Juni na Julai usiku huwa na baridi. Asubuhi tunakuta samli imeganda katika chupa. Basi injini ikikataa kuwaka, wengine husema, "Dizeli nayo imeganda." Je, ni kweli?

Dizeli huganda wapi?

Ndani ya dizeli mna nta. Katika nchi zenye baridi kali, kama Kanada na Urusi, nta hiyo huganda wakati wa barafu. Huziba chujio, na injini huzimika. Kwa sababu hiyo, huko huuzwa dizeli maalum ya majira ya baridi. Baridi ya Simiyu haifikii kiasi hicho. Hapa kwetu adui wa dizeli ni maji na uchafu.

Maji huingiaje?

Tangi likiwa nusu tupu, nafasi iliyobaki hujaa hewa. Hewa ina unyevu. Usiku bati la tangi hupoa, na unyevu hugeuka kuwa matone, kama umande juu ya majani. Matone huanguka ndani ya dizeli. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini.

Pipa nalo lina hatari yake. Likisimamishwa nje, maji ya mvua hutuama juu yake. Mchana hewa iliyo ndani hupata joto na kutanuka. Usiku hupoa na kusinyaa. Hapo pipa huvuta maji kupitia kizibo kilicholegea.

Hasara yake ni nini?

Pampu ya dizeli na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji hayalainishi, bali huleta kutu. Tena, mahali maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu. Hivyo hufanya utando unaoziba chujio. Kubadili chujio ni gharama ndogo. Kununua pampu mpya ni gharama kubwa, na huenda msimu wa kulima ukapita kabla haijapatikana.

Tufanye nini?

1. Jaza tangi jioni baada ya kazi. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa yenye unyevu.

2. Asubuhi, kabla ya kuwasha, legeza kizibo cha chini cha chujio. Kinga kwa chombo. Maji yakiisha na dizeli safi ikianza kutoka, kaza tena.

3. Weka pipa kivulini au chini ya paa. Lilaze juu ya magogo mawili, vizibo vyote viwili vikiwa katika usawa mmoja, kimoja kushoto na kingine kulia. Likazie kabari lisibingirike.

4. Pipa likitikiswa au kusafirishwa, liache litulie usiku mzima kabla ya kutoa mafuta. Usichote mpaka chini kabisa.

5. Mimina dizeli kwa faneli safi yenye kichujio. Usitumie ndoo ya kutekea maji.

6. Badili chujio kwa wakati ulioandikwa katika kitabu cha mashine.

Jaribio la chupa

Chukua chupa nyeupe ya kioo. Tia dizeli kutoka chini ya pipa. Iache itulie. Ukiona mstari, na chini yake maji, dizeli hiyo isitiwe katika injini.

Onyo

Usiwashe moto chini ya tangi ili kupasha dizeli joto. Moto utaunguza mashine na watu pia. Baada ya kutoa maji, injini ikikataa bado, huenda hewa imeingia katika mabomba ya mafuta, au betri imechoka. Mwite fundi.

Maswali

1. Kwa nini maji hukaa chini ya dizeli?
2. Kwa nini tujaze tangi jioni, tusingoje asubuhi?
3. Mapipa ya dizeli kijijini kwenu yamewekwaje? Nendeni mkayatazame, kisha mjadiliane darasani.