Somo: Kuiacha Nyumba Wakati wa Safari Ndefu

Somo letu la toleo hili linahusu jambo ambalo wakazi wa mipakani hulitenda mara nyingi hata wakasahau kwamba linahitaji kufikiriwa, nalo ni kuondoka nyumbani. Katika mtaa wa Asiatique, jijini Bujumbura, ambako duka huwa mbele na familia huishi nyuma, wapo daima majirani ambao milango yao imefungwa kwa sababu mwenye nyumba amefuata mzigo Dar es Salaam au Dubai, amevuka kwenda Uvira kwa harusi, au amekwenda Kigoma kuzika. Wengi huandaa safari vizuri: pasi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nauli na zawadi. Nyumba huandaliwa usiku wa mwisho, kwa maneno machache mlangoni.

Tunashauri kipimo kimoja. Usiiandae nyumba kwa hesabu ya siku unazokusudia kukaa ugenini. Iandae kwa hesabu ya siku unazoweza kuzuiliwa huko.

Sisi wa mipakani tunayo sababu ya kusema hivyo. Mwezi Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, wapo waliokuwa wamevuka Gatumba kwa nia ya kurudi jioni. Abiria wa kawaida walingoja hadi katikati ya mwaka 2021 ndipo njia ile ikafunguliwa tena. Tarehe 11 Januari 2024 ulifungwa mpaka wa nchi kavu kati ya Burundi na Rwanda, na tangazo halikumngoja aliyekuwa Kigali kumtembelea dada yake. Hatuyasemi haya ili kumtisha msafiri. Tunayasema kwa sababu kodi ya nyumba, dawa ya mzee na karo ya mtoto havisimami mpaka unapofungwa.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo tunapowaona watu wazima wakilia. Mwanzoni mwa Juni 2023 Benki Kuu ya Burundi ilitangaza kuziondoa katika matumizi noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, ikatoa muda wa siku 10 tu za kuzipeleka benki. Siku kumi ni chache hata kwa aliyekuwa nyumbani. Kwa aliyekuwa safarini, akiwa ameficha akiba ndani ya godoro au nyuma ya rafu bila kumwambia yeyote, zilikuwa sawa na kutopewa siku hata moja. Tunajua kwamba mfanyabiashara hupenda fedha iwe karibu, na kwamba foleni ya benki huchosha. Hata hivyo, fedha isiyohitajika kwa matumizi ya nyumbani haina sababu ya kulala ndani ya nyumba isiyo na mwenyewe. Ipelekwe benki, na mtu mmoja unayemwamini apewe mamlaka ya maandishi juu ya akaunti hiyo. Fedha ya matumizi ikabidhiwe kwa hesabu, ikiandikwa kwamba hii ni ya chakula, hii ya umeme na maji, na hii ya ugonjwa, isiguswe kwa jambo lingine.

Jambo la pili ni daftari la kaya. Katika mitaa ya mji wetu kila kaya hutakiwa kuwa na daftari lenye majina ya wanaoishi humo, na mgeni anayelala huandikwa pia. Wengi huliona kuwa karatasi ya kuwaonyesha askari wakati wa ukaguzi, kisha hulirudisha kabatini. Lakini mwenye nyumba akiwa mbali, daftari hilo ndilo linalosema kwa niaba yake.

Tutoe kisa kimoja, ambacho tumekibadilisha kidogo ili wahusika wasitambulike. Mfanyabiashara wa vitambaa alikwenda Dar es Salaam kwa majuma matatu. Mkewe alikuwa kwa wazazi wake Rumonge, akingoja kujifungua. Bwana huyo alimwita mpwa wake kutoka Uvira, kijana wa miaka kumi na tisa, alale dukani. Alimwonyesha swichi, akamkabidhi funguo, akaondoka. Hakumwandika daftarini wala hakumpeleka kwa mkuu wa nyumba kumi amtambulishe. Hata daftari lenyewe alilifungia katika sanduku la hati, akaondoka na ufunguo wa sanduku.

Siku ya tisa, alfajiri, ukafanyika ukaguzi. Askari walimkuta kijana asiyejulikana ndani ya nyumba iliyojaa bidhaa, asiye na daftari, na ambaye hati yake ya kupitia mpakani ilikuwa imekwisha muda siku mbili kabla. Alisema kwamba mwenye nyumba ni mjomba wake. Alipotakiwa kumpigia simu, namba aliyokuwa nayo ilikuwa ile ya Burundi, nayo haikupatikana. Namba ya Tanzania hakuachiwa. Akachukuliwa kituoni. Jioni, mzee mmoja wa msikitini aliyemfahamu mama yake alikwenda kumtambua, akaachiwa. Aliporudi alikuta mlango wa uani wazi, na marobota mawili ya vitenge hayapo.

Mjomba aliporejea alimshuku mpwa wake, na familia mbili hazikusalimiana kwa muda mrefu. Nasi hatuna budi kukiri upande wetu. Walioondoka na kijana yule walipaswa kumwita jirani, mlango ufungwe mbele ya macho yake, na ufunguo uachwe kwa mtu anayejulikana. Jambo hilo tumelizungumza katika vikao vyetu. Ninyi nanyi, mnaposikia mtu anachukuliwa kutoka nyumba jirani, mna haki ya kutoka na kuuliza kwa adabu: nyumba inabaki na nani?

Kwa hiyo, siku mbili tatu kabla ya kuondoka, mwandike anayebaki, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja. Mpeleke kwa kiongozi wa mtaa ana kwa ana. Sura ikishaonekana haisahauliki upesi kama jina. Acha daftari mahali ambapo mkono wake unafika. Hakikisha hati zake zitadumu kupita siku za safari yako. Andika kwenye karatasi, si katika simu pekee, namba zako zote: ya hapa, ya unakokwenda, na ya mwenyeji wako. Mlinzi wa usiku naye, zamu wetu, aonyeshwe nani ana ruhusa ya kuingia na nani hana. Ni jambo la ajabu kumdai mtu akulindie mlango bila kumwambia ni wa nani.

Kuhusu hati kwa jumla, kuna desturi moja ya wazee ambayo tunaiheshimu. Aliyekuwa akienda Hija alilipa madeni yake kwanza, au aliyaandika mbele ya mashahidi, akaacha wasia. Sielekezi dini ya mtu kwa kusema hivyo; msafiri wa imani yoyote angefaidika. Tumeziona nyumba ambamo mume amefariki ugenini na mke hajui anadaiwa na nani, wala nani anamdai, wala mkataba wa pango uko wapi. Wadai hufika upesi sana katika siku za matanga. Wadaiwa hawaonekani. Keti na mwenzako jioni moja, mpitie hati moja baada ya nyingine, na mfanye nakala. Kama kuna jambo litakalohitaji sahihi yako, kama vile kutoa mzigo bandarini, kupokea kodi au kusimama mbele ya mwenye nyumba, andika hati ya uwakala mbele ya notari, ukitaja waziwazi mambo ambayo mwakilishi anaweza kuyafanya. Hati inayosema kwamba anaweza kufanya kila kitu ni mlango mwingine uliouacha wazi.

Nakala zisikae pamoja na mali. Soko Kuu la Bujumbura liliteketea tarehe 27 Januari 2013, hatua chache kutoka mitaa yetu, na daftari la madeni lililokuwa chini ya meza ya biashara liliungua pamoja na meza. Jirani wa mtaa wa pili au ndugu wa Bwiza anaweza kukuhifadhia bahasha.

Watoto. Anayebaki nao awe na barua yenye sahihi yako, kadi za chanjo, na jina la zahanati mnayoitumia. Shule ijulishwe ni nani atakayewachukua. Kama mtoto atakufuata baadaye kuvuka mpaka na mtu mwingine, idhini ya wazazi iandikwe sasa, si siku ile mkiwa mmesimama kwenye dirisha la uhamiaji.

Nyumba yenyewe ina mambo machache. La kwanza ni maji, na hili husahauliwa na karibu kila mtu. Maji ya Regideso yanapokatika, mtu hufungua bomba, haoni kitu, huliacha wazi. Yanaporudi saa nane za usiku, mwenyewe yuko Kahama ndani ya basi, na bidhaa za rafu ya chini zimelowa. Funga koki kuu iliyo karibu na mita. Umeme: weka uniti za kutosha katika kash pawa kama jokofu au taa ya nje vitabaki vikiwaka, na vingine vichomolewe. Mifereji ya paa isafishwe ikiwa unaondoka kati ya Septemba na Mei. Anayekumbuka mafuriko ya Februari 2014 kaskazini mwa mji hahitaji kuelezwa zaidi. Na kufuli kubwa linaloning'inia upande wa nje wa lango humwambia kila mpita njia kwamba ndani hamna mtu. Afadhali kitasa cha ndani, na mtu wa kufungua dirisha asubuhi na kufagia baraza.

Nani aambiwe? Hapa watu hutuuliza sana, na majibu yetu huwakera wapenda simu. Waambie majirani wa ukuta mmoja nawe, kiongozi wa mtaa, na, ukipenda, kituo cha polisi kilicho karibu. Usiuambie mtaa mzima. Picha ya tiketi ya basi uliyoiweka kwenye WhatsApp huonwa pia na kijana aliyekuja mwezi uliopita kubeba magunia yako. Picha za safari zitapendeza vilevile ukiwa umekwisha kurudi.

Siku ya kurudi, ukikuta mlango umevunjwa, usiingie. Tunajua ni vigumu, baada ya siku mbili za basi kutoka Kobero na kwingineko, kusimama nje ya nyumba yako mwenyewe. Lakini ukiingia utakanyaga alama tunazozitafuta, na huenda aliyevunja bado yumo. Mwite jirani awe shahidi, tuma mtu kituoni, ngojeni pamoja. Tukishafika, orodhesha vilivyopotea mbele yetu ukitumia ile orodha ya bidhaa uliyoiacha katika bahasha kwa ndugu wa Bwiza. Kama pasi au kitambulisho kimeibwa, omba hati ya tamko la upotevu siku hiyohiyo. Na kabla hujamtaja mtu yeyote wa nyumbani kuwa mwizi, tupe nafasi ya kumwuliza zamu aliona nini.