Tairi Linalobana: Somo kwa Watunzaji wa Baiskeli za Parokia



Katika vijiji vya upande wa Liparamba, wilayani Nyasa, karibu na mpaka wa Msumbiji, baiskeli ndiyo gari la katekista na la mhudumu wa afya. Lami inayotoka Mbinga inaishia Mbamba Bay. Ukiiacha, kinachobaki ni vumbi, mawe na miiba. Matairi huisha upesi. Kamati hununua mapya kwa michango ya waumini au ya wafadhili, kisha tairi jipya linagoma kuingia kwenye rimu. Hapo huletwa bisibisi, na tyubu mpya hutobolewa kabla haijatembea hata hatua moja. Fedha ya watu imekwenda, na mgonjwa wa kijiji cha mbali hatembelewi wiki hiyo.

Tairi linalobana halihitaji mtu mwenye nguvu. Itazameni rimu ikiwa tupu: katikati yake kuna mfereji. Ukingo wa tairi una waya ndani, na waya huo haunyumbuki. Ili upande mmoja uvuke ukuta wa rimu, upande wa pili lazima uwe umezama mfereji, mahali ambapo mzunguko ni mdogo. Mbinu hii ni ya zamani: Mwingereza Charles Kingston Welch aliipatia hataza mwaka 1890, miaka miwili baada ya John Boyd Dunlop kupata hataza ya tairi lake la upepo.

Kwa hiyo, ingizeni kwanza ukingo mmoja wote. Tieni upepo kidogo kwenye tyubu ili ipate umbo isijikunje, kisha ilazeni ndani ya tairi. Ukingo wa pili anzeni kuuingiza upande ulio mkabala na valvu, mkienda kwa vidole gumba kulia na kushoto, mmalizie kwenye valvu. Wengi huanzia kwenye valvu, na hapo ndipo taabu inapoanza, maana shina la valvu limeziba mfereji na ukingo hauwezi kuzama mahali hapo.

Ikibaki sehemu ya kama shubiri moja inayokataa, msilazimishe. Toeni upepo wote. Rudini upande wa mkabala, bananeni tairi kwa mikono miwili ili kingo zote zizame mfereji, na mlegevu utakaopatikana usukumeni pole pole kuelekea kwenye valvu. Maji ya sabuni yakipakwa ukingoni husaidia sana. Mafuta ya mashine hapana, huharibu mpira. Kwa kawaida kipande kilichobaki kitaingia kwa kukisukuma na viganja. Kama ni lazima kutumia mpini wa kijiko, chukueni sehemu ndogo ndogo, na usizame ndani hadi kuigusa tyubu.

Tukiitwa kutazama tairi "lililoshindikana", jambo la kwanza tunalokagua ni ukanda unaofunika vichwa vya spoki. Mafundi wetu hukata tyubu kuukuu na kuizungusha hapo, mara nyingine tabaka mbili au tatu. Wazo ni zuri, lakini mfereji umejazwa! Tabaka moja jembamba linatosha.

Kuna pia tairi ambalo haliingii kwa sababu si lake. "Inchi 28" au "inchi 26" peke yake haitoshi dukani. Tazameni ubavuni namba mbili zilizotengwa kwa kistari: ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha mahali ukingo unapokaa, zote kwa milimita. Baiskeli kubwa za zamani zenye tairi la 28 x 1½ huwa na 635. Nyingine za inchi 28 ni 622. Katika inchi 26, zile za milimani ni 559, za 26 x 1½ ni 584, na za 26 x 1⅜ ni 590. Tairi la 622 halitaingia kwenye rimu ya 635 hata mkeshe. Lililo hatari zaidi ni lile linaloingia kirahisi mno: la 590 kwenye rimu ya 584 linaweza kuchomoka, na hebu fikirieni likichomoka kwenye mteremko wa kushuka ziwani.

Tairi likishaingia, sukumeni valvu juu kidogo kisha ivuteni, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Kagueni pande zote mbili. Jazeni upepo nusu, zungusheni gurudumu, na mtazame mstari ulio ubavuni mwa tairi: uwe na umbali sawa na rimu kote. Ukizama mahali pamoja, toeni upepo mrekebishe, ndipo mjaze kabisa.

Anayetumwa Mbinga au Songea kununua apewe namba hiyo ya pili, imenakiliwa kutoka kwenye tairi la zamani kabla halijatupwa.